Kupiga grisi kwa nipeli SI sevisi! Mafundi wa trela za boti Nairobi, acheni kula pesa za watu

Wadau, nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Trela ya boti inaingia gereji, fundi anashika bomba la grisi, anashindilia nipeli (kichuchu cha kuingizia grisi) mara kumi, anapangusa kifuniko kwa kitambaa, kisha anasema, "Tayari bosi, hiyo mpaka Mombasa." Analipwa pesa ya sevisi kamili. Habu (kitovu cha gurudumu, ndimo zinamokaa beringi) haijafunguliwa, gurudumu halijainuliwa hata kwa jeki! Halafu joto la Januari na Februari likifika, trela inalala kando ya barabara huko Mtito Andei gurudumu limechomoka, na lawama anabebeshwa dereva eti alikimbiza gari.

Kwenye vifuniko vingi vya springi (vile vya habu vyenye springi ya kusukuma grisi ndani), grisi inaingia kwa mbele. Beringi ya nje inapata, ile ya ndani inabaki na uji wake wa zamani. Ukizidi kushindilia, springi inafika mwisho, presha inaisukuma sili ya nyuma (mpira unaozuia grisi kutoka na maji kuingia) na grisi inamwagikia breki. Sasa huna breki, na maji yamepata mlango. (Ekseli zilizotobolewa katikati ni tofauti, grisi huanzia nyuma, lakini hata hizo zijazwe polepole gurudumu likizungushwa.)

Maji ndiyo adui, na joto ndilo linalomfungulia. Trela imeteremka Mai Mahiu, habu imechemka, hewa iliyo ndani imetanuka. Unaisukuma moja kwa moja ndani ya Ziwa Naivasha: habu inapoa ghafla, hewa inajikunja, na habu inavuta maji kupitia sili. Subirini angalau nusu saa kabla ya kuteremsha boti! Grisi iliyoingiwa na maji ina rangi ya chai ya maziwa. Trela ikirudi na kuegeshwa miezi miwili uani Nairobi, kila roli inachora mstari wa kutu pale ilipolala kwenye pete ya nje (njia ya chuma inamozungukia beringi). Ukiifungua utaona mistari imepangana kwa nafasi sawa. Hiyo beringi imekufa, hata kama bado inazunguka.

Na msilinganishe na gari. Tairi dogo la trela lenye kimo cha sentimita 41 linazunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika ukienda kilomita 80 kwa saa. La gari lenye sentimita 65 linazunguka kama mara 650.

Grisi yenyewe? Mtu anachota ile ya chesisi ya bei rahisi kwenye mkebe uliokaa wazi kwenye vumbi. Grisi nyingi za kalsiamu za aina hiyo huanza kudondoka karibu na nyuzi 100. Tumieni grisi ya lithiamu kompleksi ya NLGI 2 (namba ya ugumu wa grisi), au kalsiamu sulfoneti iliyotengenezwa kustahimili maji. Wala msichanganye ovyo: lithiamu ikikutana na poliurea, aina nyingine ya grisi, inaweza kulainika na kutiririka. Ukibadilisha aina, osha ya zamani yote.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Inua, zungusha usikilize, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Toa kifuniko, spliti pini (kipini kinachozuia nati isilegee), nati na beringi ya nje, vuta habu, ng'oa sili na uitupe. Osha beringi kwa mafuta taa, kausha kwa kitambaa. Kuzizungusha kwa upepo wa kompresa ni ujinga: roli zinasagana zikiwa kavu na zinaweza kuruka usoni. Ukiona rangi ya buluu, au vishimo, badilisha beringi PAMOJA na pete yake. Anayekuuzia beringi bila pete anakuibia. Kwa mfano, beringi namba L44649 hukaa kwenye pete L44610, L68149 hukaa kwenye L68111. Ukienda Kirinyaga Road nenda na za zamani mkononi, usome namba wewe mwenyewe.

Weka grisi kiganjani, gandamiza upande mpana wa beringi mpaka grisi itokeze upande wa pili, mzunguko wote. Nafasi ya katikati ya habu ijazwe pia, ili hewa ya kuvuta maji isipate pa kukaa. Sili iwe mpya, mdomo wenye springi ukitazama ndani. Na papaseni pale sili inapokaa kwenye ekseli: kukiwa na mfereji unaonasa ukucha, hata sili mpya itavuja.

Nati ndiyo inayoua beringi nyingi kuliko jua. Fundi anaikaza kwa nguvu zake zote, kama nati ya gurudumu! Kaza ukizungusha habu mpaka kama Nm 68 (kipimo cha spana ya toki) ili beringi zikae, legeza kabisa, kisha kaza kwa vidole tu. Tundu la spliti pini lisipolingana, rudisha nati nyuma, usikaze mbele. Spliti pini mpya kila mara. Msumari si spliti pini. Kipande cha waya si spliti pini.

Rudia kila miezi 12, na mapema zaidi kama trela inaingia maji ya chumvi ya Kilifi au Mombasa. Safarini simama baada ya kilomita 15 hivi, gusa kila habu kwa nyuma ya mkono. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, usiendelee.

Na kuanzia leo, kabla hujatoa shilingi, mwambie fundi akuonyeshe sili za zamani na spliti pini za zamani. Kama hana, habu haikufunguliwa. Usilipe.