Mdiria wa Saanane ananishinda, nimekosea wapi?

Dada wa Kirumba
Wakuu, habari za Jumapili. Jana nilivuka kwenda kisiwa cha Saanane, hapa Mwanza, na kamera yangu ya mtumba na lenzi ya mm 300. Nilitaka kitu kimoja tu: mdiria, yule ndege mvuvi mweusi kwa mweupe, akiwa hewani kabla hajajitupa majini. Tuliondoka saa nne kwa kusubiri wanafunzi, tukafika jua lishakuwa kali. Pimbi na yule mjusi wa kifua cha waridi nimewapata safi, amekaa juu ya jiwe utadhani kalipwa. Mdiria sasa! Kasimama hewani, mbawa zinapiga, kichwa kimetulia kama kimepigiliwa msumari. Picha 212, zote mbawa ni moshi na jicho halionekani. Kasi ya shata nilikuwa kwenye 1/500 ya sekunde. Shida ni lenzi au mimi?

Mzee wa Igombe
Ni wewe mwanangu. 1/500 inamtosha yangeyange anayetembea kwenye matope. Mdiria mpe 1/2000 kwenda juu, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iache ipande, chengachenga kwenye picha zinavumilika. Halafu saa tano hewa juu ya maji inacheza kwa joto, hata lenzi ya milioni kumi itakuangusha. Na usimkimbize. Tafuta mwamba wenye kinyesi cheupe, ukae hapo; akishapata samaki anarudi kumpigiza kwenye jiwe kabla ya kummeza. Zamani walikula furu, wale samaki wa ziwani. Sangara alipowafyeka furu miaka ya 1980, mdiria akahamia dagaa, na dagaa ni mdogo, kwa hiyo ilimbidi apige mbizi mara nyingi zaidi ashibe. Kwako wewe mpiga picha hiyo ni neema.

Boda wa Capri Point
Boti ya nini, dada? Saanane yote, na maji yake, ni kilomita za mraba 2 na kitu; mkiwa na darasa zima mtajificha wapi? Njoo ufukweni upande wa mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua liko mgongoni kwako, linampiga ndege usoni. Jioni usijisumbue, linazama ziwani, utapata vivuli vya minandi tu. Ukikosa vyote nenda mwaloni wanakoshusha samaki, marabu wapo wanagombea matumbo ya samaki. Sura mbaya, lakini kwa pozi hawajambo.

Mzee wa Igombe
Na mwezi huu wa kumi tupia jicho nyaya za umeme pia. Ulaya baridi imeanza, mbayuwayu wenye koo jekundu wanatushukia. Wako nasi mpaka Machi, Aprili.

Dada wa Kirumba
Shikamoo mzee. Leo Jumanne nimewahi, nikaweka 1/2500. Picha 40, moja imekubali: dagaa mdomoni, mikanda miwili myeusi kifuani. Huyo ni dume?

Mzee wa Igombe
Marahaba. Dume. Jike ana mkanda mmoja, tena umekatika katikati. Tuwekee hiyo picha basi.