Aliyefeli chuo ni mvivu? Mimi napinga

MLETA MADA: Wakuu, kila matokeo yakitoka utasikia, "Aliyefeli chuo kafeli kwa uvivu wake." Naipinga kauli hiyo, maana nilipiga msuli kweli na bado nikapata sapu, yaani mtihani wa marudio.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nakesha. Daftari la takwimu nililipaka rangi ya njano hadi mistari isiyo na rangi ndiyo ikawa inajitokeza. Nikilisoma mara ya nne, naona mambo yote yameingia. Chumba cha mtihani, swali la kwanza tu, kichwa cheupe. Nakumbuka jibu liko ukurasa wa kushoto, chini ya mchoro. Jibu lenyewe silioni!

Baadaye nikakutana na jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la 2006. Wanafunzi wote walisoma habari fupi, kisha wengine wakairudia, wengine wakaifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia ndio waliongoza. Baada ya wiki mambo yakageuka, waliojipima wakawa mbele. Sasa mimi niliyerudia mara nne, uvivu wangu uko wapi?

MCHANGIAJI 1: Mkuu, wewe ni mmoja. Wengi hawaingii vipindi, wanasubiri kudesa wiki ya mtihani. Mtafiti Credé na wenzake mwaka 2010 walijumlisha tafiti nyingi wakaona mahudhurio yanabashiri alama za chuo kuliko hata matokeo ya sekondari. Kuingia darasani hakuhitaji akili nyingi, kunahitaji kuamka.

MCHANGIAJI 2: Kuamka saa ngapi, ndugu yangu? Niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa mlinzi wa usiku ili alipe ada. Anarudi alfajiri, anajimwagia maji, anaingia kipindi cha kwanza. Kwenye karatasi ya mahudhurio yumo kila siku. Kichwa kimelala mezani.

MCHANGIAJI 1: Huyo namvulia kofia. Lakini ni wangapi wa namna hiyo?

MLETA MADA: Hoja ya mahudhurio naikubali, ina nguvu. Ila angalieni na hili. Miaka ya 1970 pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, mwanahisabati Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi walikuwa wakianguka hesabu. Wahadhiri walikuwa na majibu tayari: hawana ari, nyumbani hawasukumwi. Akawafuatilia hadi wanakosomea. Akakuta wanajituma, ila kila mtu amejifungia peke yake. Wenzao wa asili ya Kichina walikuwa wakikutana kukosoana majibu. Alipoanzisha vikundi vya kufanya maswali magumu pamoja, alama zikapanda.

Kwa hiyo Mchangiaji 1, nikuulize: pale chuoni kwako, kuna aliyewahi kukufundisha namna ya kusoma, au uliambiwa tu "someni kwa bidii"?

MCHANGIAJI 1: Hakuna. Niliiga waliotangulia.