Kizimba cha mtoto wa mbwa: analia usiku kucha, wapangaji wenzangu wamechoka

Mpangaji wa Igoma:

Wakuu, habari za jioni. Nina mtoto wa mbwa dume, wiki 9, nimempa jina Furu. Nimemtoa Sengerema kwa shemeji. Tumevuka naye daraja la Kigongo–Busisi amelala kwenye boksi mapajani kwangu, kimya kabisa, nikasema hapa nimepata mbwa mstaarabu.

Nimepanga vyumba viwili hapa Mwanza, nyumba ya wapangaji wengi. Mwenye nyumba ameruhusu mbwa kwa sharti moja: asikanyage korido, maana mzee wa chumba cha mbele anaswalia pale barazani. Sharti la haki. Nikampa fundi wa kuchomelea anitengenezee kizimba cha nondo na wavu, urefu unakaribia mita moja na nusu, kwa sababu baba yake Furu ni jibwa kubwa kwelikweli na sitaki kumlipa fundi mara mbili. Kipo jikoni.

Nikimfungia saa 4 usiku anaanza kulia, anang'ata wavu, nyumba nzima inaamka. Anakojoa kona ya nyuma halafu anakuja kulala mlangoni. Shemeji anasema akilia nimmwagie maji. Jirani anasema nimwache, atachoka mwenyewe. Mchana natoka saa 2 asubuhi, narudi saa 11 jioni. Nataka akipende hicho kizimba, siyo akiogope. Nianzie wapi?

Mawe Juu ya Mawe:

Mbwa kapewa chumba chake, mjini kuna mambo. Kwetu Magu analala chini ya mwembe na mwizi hapiti. Funga mnyororo, atazoea tu.

Mama wa Mwaloni:

Mwangaluka mwanangu. Huyo wa mwembe mpite, yeye ana uwanja, wewe una korido na mzee anayeswali.

Nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba na nyumbani Pasiansi sijawahi kukaa bila mbwa. Nikuambie jambo moja, mengine yote yanatoka hapo: mlango wa kizimba ni kitu cha mwisho. Wewe umeanza nao. Kesho chukua kamba, ufunge huo mlango uwe wazi, usiweze kujibamiza hata upepo wa ziwa ukivuma. Furu aingie na kutoka anavyotaka.

Kabla ya hapo, ukubwa. Umeeleza mwenyewe kwamba anakojoa nyuma na kulala mbele. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, na wewe umempa chumba chenye choo ndani. Tafuta ubao au boksi gumu, ziba sehemu ya nyuma, abaki na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha akilala. Fundi wako hajapoteza kazi. Akikua ubao unarudi nyuma. Na chini usimwache alale juu ya wavu, kucha zitanasa. Weka ubao, juu yake gunia safi na fulana yako uliyoivaa, usiifue.

Sasa chakula. Milo yake yote iwe ndani ya kizimba, mlango wazi. Siku za kwanza sahani ikae pale mlangoni, kichwa kiingie, makalio yabaki nje, usimsukume. Kisha sahani isogee ndani taratibu. Katikati ya milo tupia dagaa mmoja ndani ukipita, bila kusema neno. Atakwenda kumwokota, atatoka. Baada ya muda utamkuta amekaa ndani anakusubiri upite. Hapo ndipo penyewe.

Dagaa wenyewe uchague. Chukua waliokaushwa kwenye chanja. Waliotandazwa mchangani wanabeba mchanga, uwaoshe vizuri kwanza. Wa chumvi usimpe. Na kama unanunua akiba, nunua wakati wa giza, maana mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaendi na taa, dagaa wanaadimika na bei inapanda. (Hii ni biashara yangu, siwezi kuacha kuisema.)

Akishakula humo bila wasiwasi, ndipo ufungue kamba. Funga mlango wakati anakula, ufungue kabla hajamaliza. Mlo unaofuata umalize na yeye ndani sekunde chache, ukiwa umeketi karibu. Kisha dakika. Kisha unasimama, unakwenda chumbani, unarudi kama mtu aliyefuata kiberiti, hakuna shangwe. Ukiona masikio yamelala nyuma, anahema na joto halipo, anapiga wavu, umekimbia sana. Rudi hatua iliyopita. Usimtie humo ukiwa umemkasirikia, hata siku moja. Na mkanda wa shingoni uvue kila anapoingia, unaweza kunasa kwenye wavu akajinyonga.

Usiku wa leo lakini hausubiri hayo yote, najua. Mtoto wa wiki 9 alikuwa analala katikati ya ndugu zake, joto kila upande. Wewe umempeleka jikoni gizani. Analia kwa sababu amepotea, na kwa umri wake ana haki. Hamisha kizimba kiwe ubavuni mwa kitanda chako, uweze kushusha vidole hadi kwenye wavu. Kama bado hakitaki, rudi kwenye lile boksi la Sengerema: refu, wazi juu, pembeni yako. Alilala humo kwa sababu lilikuwa dogo na wewe ulikuwepo. Kizimba kitasogezwa jikoni baadaye, kidogo kidogo, kupitia mlangoni.

Maji ya shemeji hapana. Ukimmwagia, atajifunza kwamba humo ndani ndimo mtu anamopatwa na mabaya. Na kumwacha alie hadi achoke, atanyamaza kweli, lakini kesho hutamwingiza humo bila vita. Sikiliza kilio chenyewe. Kunung'unika kwa kujilaza, mwache, kutazimika. Akiamka usingizini na kulia ghafla, huyo ana mkojo: mbebe mikononi, maana akitembea atakojoa njiani, hasa kwenye korido yako; mpeleke nje mahali palepale, akimaliza msifu kwa sauti ya chini, mrudishe. Hakuna mchezo wala taa kubwa.

Mchana ndipo hesabu yako inapokataa. Mtoto wa mbwa hubana mkojo kwa kadiri ya saa moja kwa kila mwezi wa umri, labda na kidogo juu yake. Wako ana miezi miwili. Kuanzia saa 2 hadi saa 11 ni saa tisa, hata wewe hungeweza. Usimfungie mchana. Ziba mlango wa jikoni kwa ubao, kizimba kiwe wazi kama chumba chake, magazeti kona ya mbali, maji ya kunywa, na utafute mtu wa kuja kumtoa na kumlisha. Mtoto wa jirani atakubali kwa hela ya maandazi.

Afisa Mifugo Mstaafu:

Mama amemaliza, naongeza yangu. Huko nje unakompeleka kukojoa pawe ndani ya uzio, mbwa wa mtaani wasipopita. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi na watoto wa mbwa huharisha damu na kufa upesi. Chanjo ya parvo na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa) huanza wiki ya 6 hadi ya 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa apate akitimiza miezi 3. Dawa ya minyoo usisahau, kwa umri huu ni mara kwa mara. Uliza ofisi ya mifugo ya kata yako.

Mbwa aliyekuwa msafi akianza ghafla kuchafua kizimba, angalia kinyesi kabla ya kumlaumu. Na pale alipokojoa usisafishe kwa dawa yenye amonia, harufu yake inafanana na mkojo na atarudi palepale. Sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji.

La mwisho ni joto. Hizi nyumba zetu za bati zilizoegemea mawe, jiwe linapikwa mchana kutwa na linaachia joto mpaka usiku. Usiegemeze kizimba kwenye ukuta wa upande wa jiwe. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema.

Mawe Juu ya Mawe:

Sawa, ila mbwa wa kulelewa hivyo atalinda nini? Mlinzi anafungiwa bandani kutwa, usiku anaachiwa na hasira zake.

Mama wa Mwaloni:

Ndugu yangu, huyo wa hasira anang'ata pia mtoto anayetumwa chumvi. Mbwa anayelinda vizuri ni anayewajua watu wa nyumba, kwa hiyo mgeni akija saa 8 usiku anaona tofauti. Kutwa bandani ataona wapi hao watu?

Mpangaji wa Igoma:

Wabeja sana mama, na wewe afisa. Nimeziba kwa ubao na kizimba kimehamia chumbani. Jana alilia kidogo, nikashusha mkono, akalamba vidole, akalala. Alfajiri nilimbeba nje mpaka nyuma ya choo akakojoa papo hapo. Mzee wa mbele ameniuliza kama nimemuuza! Dogo wa jirani amekubali kuja saa 5 na saa 8. Swali: shemeji ameniletea mapanki ya sangara (mifupa inayobaki minofu ikitolewa) yaliyochemshwa, naweza kumwekea ndani ya kizimba atafune akiwa peke yake?

Mama wa Mwaloni:

Usimwekee. Mfupa uliochemshwa unavunjika vipande vyenye ncha, vikimkwama wewe uko kazini. Chambua nyama tu uchanganye na ugali wake, mifupa tupa mahali asipofika. Ndani ya kizimba mpe kipande cha kamba nene ya katani yenye mafundo, ukiwepo wewe, na ukiondoka uiondoe. Huyo dogo mwambie asimvute Furu kutoka humo akiwa amelala, amwite atoke mwenyewe.