Tupeane uzoefu: ilipofika zamu ya jimbo lenu kupiga kura ya mchujo, mgombea wako alikuwa bado yumo?

Mleta mada (Erie, Pennsylvania)
Habari zenu ndugu zangu. Nilipata uraia wa Marekani mwaka 2023. Kwenye kambi ya wakimbizi nilikaa miaka kumi na minne, na maisha yangu yote sikuwahi kushika karatasi ya kura. Mchujo wa 2024 niliusubiri kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Nilijiandikisha chama cha Republican maana nilimtaka Nikki Haley, aliyeshindana na Trump, na hapa kwetu asiye mwanachama hapigi kura ya mchujo.

Siku yetu ilikuwa Aprili 23. Nikavaa kitenge kipya, nikaomba ruhusa kazini. Jina lake nililikuta kwenye karatasi, lakini mwenyewe alishajitoa Machi 6. Kufikia Machi 12 Trump na Biden wote wawili walishatimiza wajumbe wa kutosha kupitishwa na vyama vyao. Nilipiga, nikabandikwa stika kifuani, nikarudi kwenye gari nikakaa kimya muda mrefu. New Hampshire walipiga Januari 23, tena wana sheria yao kabisa inayosema lazima watangulie. Kwa nini jirani achague, mimi niletewe kilichobaki?

Tuelezane yaliyowakuta.

Mama wa Minneapolis
Pole sana kaka. Mimi yangu ni kinyume chako: niliwahi mno. Minnesota kura ya mapema inafunguliwa siku 46 kabla, na mwaka 2020 tulikuwa kwenye Jumanne Kuu, siku ambayo majimbo mengi hupiga kwa pamoja, Machi 3. Mimi nina watoto wadogo na theluji yetu mnaijua, nikapiga Februari, nikampa Amy Klobuchar wa Democratic, seneta wetu. Machi 2, siku moja tu kabla, akajitoa. Mgombea mwenzake Buttigieg alishajitoa siku iliyotangulia. Nikauliza kama naweza kubadilisha, nikajibiwa muda wa kufuta karatasi ya kwanza umeshapita. Kura yangu ilihesabiwa kwa mtu ambaye hayumo. Tangu hapo sipigi mapema kwenye mchujo, hata kama ni kusimama kwenye baridi.

Kijana wa Kivu (Iowa)
Mnatuonea wivu sisi wa Iowa tuliokuwa tukitangulia, ila sikilizeni. Kwetu mwaka 2020 haikuwa sanduku, ilikuwa kokasi: mkutano wa saa moja jioni, Februari 3, mnasimama makundi makundi ukumbini hadi mhesabiwe. Mimi nilikuwa zamu ya jioni kwenye kiwanda cha nyama. Saa moja jioni mimi niko na kisu mkononi. Jimbo la kwanza, ndiyo, lakini la kwanza kwa nani? Kwa mwenye kazi ya ofisini.

Hata hivyo nitasema ukweli: wagombea walifika mpaka mtaani kwetu. Mmoja nilimuuliza mwenyewe habari za wakimbizi, uso kwa uso. Nchi nzima ikipiga siku moja, nani atakuja kuongea na mchinja nguruwe? Atakayekuwa na pesa za matangazo ya televisheni ndiye atakayeshinda. Hilo nalo mlifikirie.

Mleta mada
Hapo umenigusa, mdogo wangu. Mimi sitaki siku moja. Nataka zamu. Nchi igawanywe kanda nne, leo mashariki waanze, miaka minne ijayo magharibi. Wasimamizi wa uchaguzi wa majimbo walilipendekeza hili tangu 1999, ila Iowa na New Hampshire wakaachiwa nafasi yao ya kutangulia. Mimi hata hiyo nisingewaachia.

Mtu wa Columbus (Ohio)
Mchujo wetu ulikuwa Machi 17, 2020. Mama nilimwandalia kila kitu, kitambulisho, usafiri. Usiku wa kuamkia siku yenyewe tukaambiwa vituo havifunguliwi kwa sababu ya korona. Kwa afya sina ubishi. Tabu ilikuja baadaye: tarehe mpya Aprili 28, karibu wote kwa posta. Kwanza uombe kwa barua, ndipo utumiwe karatasi, ndipo uirudishe. Mama hasomi Kiingereza, na posta wakati ule ilikuwa inasuasua. Karatasi yake ilifika uchaguzi umekwisha. Anayo mpaka leo kwenye sanduku la nyaraka, haijafunguliwa.

Mkenya wa Dallas
Kwetu nyumbani mnajua mchujo wa vyama ulivyo. Aprili 2017 nilitoka Nairobi kwa nauli yangu hadi kijijini. Tulipanga foleni tangu alfajiri, karatasi hazikutosha, zoezi likafutwa, tukaambiwa tusubiri tarehe nyingine. Mimi kazi ilikuwa inaningoja mjini. Waliopiga marudio ni wale waliokaa karibu. Kwa hiyo mleta mada, nakuelewa.

Dada wa Louisville
Haraka tu kwa wenzangu wa Kentucky: ukitaka kubadilisha chama ili upige mchujo wa Mei, mwisho ni Desemba 31 ya mwaka uliotangulia. Mimi nilikwenda Machi, nikarudishwa. Desemba hata wagombea wenyewe hatujawajua vizuri!

Mleta mada
Asante dada, hilo nalituma sasa hivi kwenye kundi la kanisa. Walioko New Jersey na New Mexico, nyinyi mnaopiga Juni, bado sijawasikia.