Naombeni ushauri: nyumba ya kaka inataka kupigwa mnada, rufaa itaokoa?

Wakuu habari, naombeni msaada maana hapa kichwa kinaniuma kweli. Kaka yangu alikopa hela kwa mtu wakaandikishana, biashara ikafa, jamaa akaenda kushtaki na kesi kashinda, sasa mahakama imetoa amri nyumba anayoishi kaka na mkewe na watoto ikamatwe iuzwe, dalali wa mahakama keshabandika notisi getini. Deni hatukatai lipo, ila nyumba thamani yake ni kama mara nne ya hilo deni, na kuna kiwanja kitupu ambacho kingetosha kabisa, sijui kwa nini wamerukia anapolala mtu.

Tumekata rufaa tena ndani ya muda, tukajua tumepona. Kumbe wapi! Wakili anasema rufaa peke yake haisimamishi mnada, lazima tuombe zuio la utekelezaji kivyake na mahakama inaweza kutaka dhamana. Sasa naogopa, mnada ukipita na mnunuzi akishakabidhiwa, hata tukishinda rufaa nyumba itarudi kweli au tutaambiwa tudai fidia?

Jingine, shemeji hakushirikishwa popote kwenye kesi na nyumba wamejenga wote (yeye ndo alisimamia mafundi mpaka paa). Aweke pingamizi lake mwenyewe? Na tukiomba kulipa kidogokidogo si itaonekana tumeikubali hukumu?

Aliyepitia hili anipe mwanga jamani, zimebaki siku 9.