Datsun 240Z: krosi mpya au tuhamie shafti za CV?

ZedYaBaba: Wakuu, habari za jioni. 240Z ya 1972, nikiachia klachi inagonga "ko!" nyuma, nikibadili gia inarudia. Fundi anasema shafti zote mbili za magurudumu zimekwisha. Nifunge krosi mpya (viungo vya msalaba vya shafti) au nihamie shafti za CV (zenye viungo vinavyozunguka kwa mwendo sawa)? Na bushi (vifyonza mtikisiko kwenye viungo) za mkono wa chini unaoshika gurudumu la nyuma, mpira au poliyurethani?

FundiKisauni: Kabla hujatoa hela, lala chini ya gari. Shika shafti uitikise huku na huku. Krosi iliyolegea utaisikia mkononi. Halafu kagua mpira unaoshika pua ya difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma). Ukichanika, pua inanyanyuka kila ukiondoka, na mlio ni huo huo. Watu wananunua shafti wakati ugonjwa uko hapo.

Mama_Datsun: Mimi niko upande wa krosi. Injini ya lita 2.4 haizishindi shafti za asili zikitunzwa. Edgar Herrmann alishinda mbio za Safari Rally na 240Z mwaka 1971, Shekhar Mehta 1973. Ila piga alama kabla ya kuzitenganisha, zirudi zilivyokuwa. Na ukivuta sehemu inayoteleza weka trei chini, kuna golori ndani! Zioshe kwa mafuta ya taa, grisi mpya, buti jipya (mfuko wa mpira unaokinga kiungo).

R200_Arusha: Gari langu lina injini kubwa zaidi, kwangu ni CV tu, za 280ZX Turbo. Zinazunguka laini hata mwendo ukiwa mkali. Lakini zinataka difu aina ya R200 na flanji (sahani za kuungia shafti) zinazolingana, gharama inapanda haraka. Buti likichanika, vumbi linazimaliza. Kwa injini yako, dada yuko sahihi.

FundiKisauni: Bushi weka mpira. Poliyurethani inashika vizuri kwenye lami, ila inataka grisi na inaleta mtetemo ndani. Nati za mwisho kaza gari likiwa limekanyaga chini, la sivyo mpira unabaki umejipinda na kufa mapema.

Kazi yenyewe ya kubadili bushi ni ile pini ndefu inayounganisha kitovu cha gurudumu na mkono wa chini, huwa imeshikwa na kutu. Toa kwanza kile kipini kidogo cha katikati kinachoifunga. Usiigonge nyundo, ncha inavimba na haitoki tena. Ilowe mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa, kisha ivute kwa puli. Ikigoma kabisa, ikate kwa msumeno.

ZedYaBaba: Asanteni sana. Mpira wa difu umechanika, kidole kinapita. Krosi ya kushoto nayo inacheza. Naagiza vyote viwili, CV naachana nazo. Pini nimeanza kuilowesha. Nani Nairobi ana puli ya kuniazima?