Mama analeta pesa, binti ndiye anabeba nyumba?

MamaKatuba: Salamu kwenu. Niko Kongo, mjini Lubumbashi, mtaa wa Katuba. Tangu baba watoto aachishwe kazi mgodini, mimi ndiye ninalipa nyumba, minervali (karo ya shule) na chakula. Alfajiri ninaenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ninarudi na unga, ninauza sokoni. Kilichobaki kinaingia likelemba, mchango wetu wa kupeana kwa zamu. Baba watoto hanigombezi, namshukuru. Lakini kazi nilizoacha nyumbani zimemwangukia binti yangu wa miaka 13. Yeye ndiye anachota maji, anawasha makala (makaa), anasonga bukari (ugali) na kuogesha mdogo wake. Kaka yake wa miaka 15 anangoja sahani. Binti sasa anasinzia darasani! Nikimwambia kaka aoshe vyombo, bibi yao anasema ninamharibu mtoto wa kiume. Ninyi mlifanyaje?

Mwana wa Gécamines: Mama, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilikuwa inatoa posho ya unga, na heshima ya baba zetu ilitoka kwenye gunia lile. Mambo yalipoharibika miaka ya 1990, mama zetu walianza kuuza mandazi na makala. Halafu kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa, wakaiita kuondoka kwa hiari. Kwetu tulikuwa wavulana watupu, kwa hiyo nilisonga bukari mbele ya baba. Majirani walicheka, wakachoka. Ila sijui kama ningegusa mwiko wa kusongea kama ningekuwa na dada.

Dada Kenya (mtaa wa Lubumbashi): Mama, umetaja kaka, umetaja bibi. Baba mtu anafanya nini binti akibeba bidoni (dumu) la maji? Kijana anamwangalia yeye. Sheria ya Kongo ya 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia ya 1987 iliondoa ile ruhusa ya mume ambayo mke alipaswa kuipata kabla ya kusaini mkataba. Kifungu cha 444 bado kinamwita mume kichwa cha nyumba, sawa, lakini hakimkatazi kuchota maji. Usimguse kijana kabla hujaongea na baba yake.

MamaKatuba: Dada, hapo umenishika. Anashinda nyumbani, na ninaogopa nikimwomba ataona ninamdharau kwa sababu pesa ni yangu. Jioni nitaongea naye tukiwa wawili, bibi asiwepo. Nitaanza na maji: yeye na kijana wayachukue kabla ya shule. Bukari tutaizungumza baadaye.